Joto la Kaskazi Ndani ya Gereji: Jibu kwa Mwenye Gereji wa Tabata

Swali: Nina gereji ya magari madogo huko Tabata, Dar es Salaam, yenye mafundi saba na vijana wawili waliotoka chuo cha ufundi cha VETA kwa mafunzo ya vitendo. Paa ni la mabati matupu. Mwezi Januari mmoja wa vijana hao alitoka chini ya gari akiwa na kizunguzungu, akatapika na kulala chini. Tulimpeleka zahanati, akapimwa malaria, haikuonekana, akapewa dawa ya maumivu. Mafundi wakubwa wanasema ni mlegevu tu, kwani wao wamefanya kazi kwenye joto hilo miaka yote. Je, inawezekana ni joto? Na nifanye nini bila kufunga gereji mchana, maana mafundi wangu wanalipwa kwa kazi na hawataki kusimama?

Jibu:

Inawezekana kabisa. Kijana mgeni wa kazi, mwezi wa Januari, chini ya gari na chini ya mabati, kisha kizunguzungu na kutapika: maelezo hayo yanatosha kulifanya joto liwe jambo la kwanza la kushukiwa, na kipimo cha malaria kisichoonyesha vimelea hakina maana kwamba mgonjwa hakuwa na kitu. Mtu aliyezidiwa na joto huhitaji kupozwa, kupewa maji na chumvi, na kupumzishwa. Dawa za kushusha homa hazimsaidii, kwa sababu homa ya malaria huja pale ubongo wenyewe unapopandisha kiwango cha joto la mwili, ilhali katika ugonjwa wa joto mwili umeshindwa kuliondoa joto ambalo umelizalisha na kulipokea kutoka nje.

Hata hivyo, kabla hujaliweka suala hili lote kwenye joto, naomba ukumbuke kama siku ile kulikuwa na injini iliyokuwa inawaka ndani ya gereji. Moshi wa eksozi una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na dalili zake za mwanzo, yaani kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea, zinafanana mno na za joto. Ikiwa watu kadhaa waliokuwa upande mmoja wa gereji waliumwa kichwa kwa pamoja na wakapata nafuu walipotoka nje, shuku moshi. Gari linalohitaji kuunguruma kwa muda litolewe nje, au eksozi iungwe na bomba linalopeleka moshi nje, na mtu asiingie kwenye shimo la ukaguzi wakati injini inawaka juu yake. Mvuke wa petroli na wa thina nao ni mzito kuliko hewa, hutuama humo shimoni na huongezeka kadiri joto linavyopanda, na wenyewe pia huleta kizunguzungu, mbali ya hatari ya moto. Nasisitiza hili kwa sababu gereji yenye joto huwa na mambo haya yote kwa wakati mmoja, na ni rahisi kutibu moja na kuliacha jingine.

Sasa tuje kwenye joto lenyewe. Wengi hutazama utabiri wa hali ya hewa, wakaona nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, wakadhani kwamba hilo ni joto la kawaida lisiloweza kumwangusha kijana mwenye nguvu. Tarakimu hiyo peke yake haitoshi. Katika miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa ya Dar es Salaam hubeba unyevu mwingi, na unyevu ndio unaoamua kama jasho litafanya kazi yake. Mwili hupozwa pale jasho linapokauka juu ya ngozi: lita moja ya jasho ikikauka yote huondoa takriban kilojuli 2,400 za joto. Jasho linalotiririka mgongoni na kudondoka sakafuni halijaondoa chochote cha maana, limepoteza tu maji na chumvi ya mtu huyo. Ndiyo maana fundi wa Dar es Salaam anaweza kulowa chapachapa na bado akawa anapata moto ndani ya mwili.

Juu ya hapo, sehemu kubwa ya joto linalomwumiza fundi hutoka kwake mwenyewe. Misuli inapofanya kazi, kiasi cha robo tu ya nguvu inayotumika ndiyo inayozungusha spana au kuinua kitu, na robo tatu zinazobaki hugeuka joto ambalo ni lazima litoke mwilini. Mtazame anayeshusha gia boksi akiwa amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa. Injini na eksozi za gari lililozimwa punde zinamwangazia joto usoni na kifuani kwa umbali wa sentimita chache, sakafu ya zege iliyopata moto tangu asubuhi inamzuia kutoa joto kwa mgongo, na matairi pamoja na kingo za bodi yanazuia hata ule upepo mdogo unaopita kwenye gereji. Mikono iko juu, shingo imekazwa, ovaroli imefungwa hadi kooni ili oili isimwingie. Aliyesimama mlangoni anaweza kusema leo hakuna joto kali, na akawa anasema kweli kwa mahali aliposimama yeye.

Wataalamu wa afya ya kazini hutumia kipimo kinachounganisha unyevu, joto la kuangaziwa na joto la hewa, na kwa sehemu yenye paa hesabu yake ni rahisi: asilimia 70 ya usomaji wa kipimajoto kilichofungwa utambi uliolowa, kujumlisha asilimia 30 ya usomaji wa kipimajoto kilichowekwa ndani ya tufe jeusi. Chukua mchana ambapo utambi unasoma nyuzi 27 na tufe, likiwa chini ya mabati yaliyopata jua, linasoma 37. Unapata 18.9 kujumlisha 11.1, yaani nyuzi 30. Kwa kazi ya nguvu ya wastani inayofanywa mfululizo na mtu aliyekwishazoea joto, kikomo kinachotumiwa sana ni nyuzi 28 za kipimo hicho, na kwa kazi nzito kikomo hushuka zaidi. Kwa hiyo mchana wa kawaida wa Februari, ambao mafundi wako wanauona wa kawaida kwa kuwa umezoeleka, tayari uko juu ya kiwango ambacho kazi ingepaswa kukatizwa kwa mapumziko. Huna haja ya kununua kifaa hicho ili uanze kuchukua hatua. Nimeitaja hesabu hiyo ili uone kwamba unyevu hatuwezi kuupunguza, lakini ule upande wa tufe, unaotokana na mabati na injini, uko mikononi mwako.

Kuhusu hoja ya mafundi wakubwa, wanasema kweli juu yao wenyewe na wanakosea juu ya kijana. Mwili unaofanya kazi kwenye joto kila siku hujirekebisha katika muda wa wiki moja hadi mbili: huanza kutoa jasho mapema zaidi na kwa wingi zaidi, jasho hilo hubeba chumvi kidogo, maji ya damu huongezeka, na moyo haupigi kwa kasi kama siku ya kwanza. Kijana aliyetoka darasani hana marekebisho hayo, hata awe na kifua kipana kiasi gani. Mwongozo unaotumiwa Marekani husema mfanyakazi mgeni afanye asilimia 20 ya muda wa kawaida kwenye joto siku ya kwanza, kisha iongezwe asilimia 20 kila siku hadi siku ya tano. Huko huko imeonekana kwamba sehemu kubwa ya vifo vya joto kazini hutokea katika siku za mwanzo za mtu kuanza kazi. Nakusihi uwaeleze mafundi wako jambo hili waziwazi, kwa sababu kijana anayeitwa mlegevu siku ya kwanza hatasema anajisikia vibaya siku ya pili, na huo ukimya ndio unaoua.

Tena mazoea hayo hupotea. Mtu akikaa mbali na joto kwa wiki moja au zaidi huanza kuyapoteza, na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Wengi wa mafundi wa Dar es Salaam huenda kwao mwishoni mwa Desemba, na ikiwa kwao ni Lushoto, Njombe au Mbeya, hukaa wiki mbili kwenye baridi, kisha hurudi Januari, katikati ya joto kali, na hukuta magari yamejaa uani yakisubiri. Fundi huyo mzoefu wa miaka 15 yuko karibu na hali ya yule kijana wa VETA kwa siku chache za mwanzo. Kwa mtu wa aina hiyo kiwango kinachopendekezwa ni asilimia 50 siku ya kwanza, 60 ya pili, 80 ya tatu, na kazi kamili siku ya nne. Anayerudi baada ya kuugua malaria au kuharisha ahesabiwe hivyo hivyo, na kwa uangalifu zaidi.

Ukiniuliza pesa zako za kwanza ziende wapi, nitakujibu kwenye paa. Watu wengi huanza kwa kuwahimiza mafundi wanywe maji, na maji ni lazima, lakini maji hayapunguzi joto linaloshuka kutoka kwenye mabati siku nzima. Mabati matupu yaliyozeeka hunyonya jua, yakapata moto mkali kuliko hewa yenyewe, kisha huliangaza joto hilo juu ya vichwa vya walio chini. Yapakwe rangi nyeupe ya paa kwa upande wa nje, na yasafishwe vumbi kila mwaka kabla ya kaskazi, kwani rangi nyeupe iliyofunikwa na vumbi hupoteza faida yake. Ikiwezekana, weka dari au tabaka la kuzuia joto lenye nafasi ya hewa kati yake na mabati, kwa nyenzo isiyoshika moto haraka. Acha uwazi kileleni mwa paa ili hewa ya moto inayopanda ipate njia ya kutoka, na uondoe vitu vilivyoziba kuta za pande mbili zinazotazamana ili upepo wa baharini upite. Kwenye ile hesabu ya juu, tufe likishuka kutoka 37 hadi 34 utakuwa umepunguza karibu nyuzi moja ya kipimo chote bila kumpunguzia fundi yeyote saa ya kazi. Magari yanayosubiri yawekwe kivulini au chini ya turubai, kwa sababu gari lililoshinda juani huingia gerejini na joto lake, na anayelifungua dashibodi hukaa ndani ya joto hilo.

Feni zinasaidia katika mazingira yetu. Ngozi ina joto la takriban nyuzi 35, na hewa ya Dar es Salaam kwa kawaida iko chini ya hapo, hivyo upepo wake hupoza na kukausha jasho. Katika nchi za Ghuba, ambako hewa hufika nyuzi 45, feni peke yake inaweza kumwongezea mtu joto, kwa hiyo ushauri unaotoka huko usiuchukue mzimamzima. Feni ya kusimama ishushwe chini kabisa na kuelekezwa ubavuni mwa gari, ipulize pale alipolala fundi. Ile iliyotundikwa juu haimfikii. Usiiwashe karibu na mahali panapofunguliwa tangi la petroli au kupigwa rangi, kwa kuwa swichi na mota yake zinaweza kutoa cheche, wala isielekezwe kwenye breki zinazofunguliwa, maana vumbi lake si la kuvutwa, na baadhi ya lining za zamani zina asbesto, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu.

Baada ya paa inafuata ratiba, nayo ndiyo hasa uliyoiulizia. Sikushauri ufunge gereji mchana. Ninachokushauri ni kupanga kazi kwa uzito wake. Kushusha injini na gia boksi, kubadili springi, kunyoosha bodi na kazi zote za kulala chini ya gari zifanywe kati ya saa 1 na saa 4 na nusu asubuhi, na wateja waelezwe waziwazi kwamba gari la kazi kubwa liletwe jioni ya jana yake. Hilo lina faida nyingine: injini iliyolala usiku kucha imepoa, haina joto la kumwangazia mtu, na rejeta yake hufunguliwa bila kumrukia mtu usoni kwa maji yenye joto la nyuzi 100. Saa za mchana ziachiwe kazi za kukaa na za mezani, kama vile kupima umeme, kusafisha na kuunganisha vipuri vidogo, kuandaa bei na kuagiza vifaa. Oman imeweka katika kanuni kwamba miezi ya Juni hadi Agosti kazi za nje juani husimama kuanzia saa 6 na nusu mchana hadi saa 9 na nusu alasiri, na Qatar inasimamisha kazi popote kipimo nilichokieleza kinapopita nyuzi 32.1. Waliofanya kazi huko wanaweza kuwathibitishia mafundi wako kwamba shughuli haziishi kwa sababu watu wamepumzika.

Malipo kwa kazi ni mtego wenyewe. Utafiti uliofanywa kwa vibarua wa mashambani huko California uliona kwamba waliolipwa kwa kiasi walichovuna walipata madhara ya figo zaidi kuliko waliolipwa kwa saa, na sababu inaeleweka na kila aliyewahi kulipwa kwa mtindo huo: kila dakika ya kupumzika ni pesa inayopotea. Ukimwambia fundi wa aina hiyo "pumzika ukichoka", hujamwambia kitu. Mapumziko yawe yako wewe mwenye gereji, yatangazwe kwa wote kwa wakati mmoja, dakika 10 au 15 za kivulini kwa kila saa katika mchana wa joto kali, na fundi mkuu awe wa kwanza kuweka spana chini. Kisha lifikirie suala la pesa kwa uaminifu. Unaweza kuongeza kidogo kwenye bei ya kazi nzito ili muda wa kupumzika uwe umekwisha kulipwa, au kuwalipa wawili kwa kazi moja ili wapokezane chini ya gari, au kuweka posho ndogo ya siku kwa miezi ya kaskazi. Utaona kwamba unachotoa si kikubwa kama kinavyoonekana. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, katika taarifa yao ya pamoja ya mwaka 2025, yalieleza kwamba tija ya kazi hushuka kwa asilimia 2 hadi 3 kwa kila nyuzi moja inayozidi 20 za kile kipimo cha utambi na tufe. Fundi asiyepumzika mchana tayari anafanya kazi polepole, anavua nyuzi za bolti na kurudia alichokwisha kufunga, na gharama hiyo unailipa bila kuiandika popote.

Maji sasa. Kiwango kinachofaa ni glasi moja ya robo lita kila dakika 20 kwa anayefanya kazi kwenye joto, bila kusubiri kiu, kwa sababu kiu huchelewa. Kwa watu tisa na saa nane za kazi hiyo ni lita 54, kwa hiyo ndoo moja ya lita 20 iliyowekwa kando ya ofisi haitoshi hata hadi adhuhuri. Weka vyombo vyenye bomba karibu na sehemu za kazi, kila mtu awe na kikombe chake, na pawe na sabuni ya kunawia oili na petroli kabla ya kunywa. Asizidishe lita moja na nusu kwa saa, maana maji mengi mno kwa haraka hupunguza chumvi ya damu kufikia kiwango cha hatari. Chakula cha kawaida chenye chumvi kinatosha kwa wengi, na anayetoa jasho siku nzima au kukakamaa misuli apewe chumvi maalumu ya kuongeza maji mwilini inayouzwa maduka ya dawa, au lita moja ya maji safi yenye vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Dafu ni zuri. Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vijana wa gereji hupenda kuvinywa mchana badala ya chakula, vina kafeini nyingi inayoupeleka moyo mbio wakati tayari unahangaika kuupoza mwili, nami ningeviondoa kabisa kwenye kazi za joto. Pombe ya jana usiku nayo huhesabiwa kwenye upungufu wa maji ya leo.

Na tafadhali, thina, mafuta ya breki na kulenti, yaani kimiminika cha kupozea injini, visiwekwe kamwe kwenye chupa za maji ya kunywa. Naandika hili kwa uzito wote. Kulenti nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ina ladha tamu na huharibu figo hadi kuua, na mtu mwenye kiu kali hachunguzi chupa kabla ya kuinywa.

Miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya kaskazi, na bila shaka una mafundi wanaofunga. Saumu haipaswi kumnyima mtu kazi wala kumweka hatarini. Mpangie aliyefunga kazi nzito mara tu baada ya daku, alfajiri ikishapambazuka, umwondoe chini ya magari mchana, na kama gereji ina mwanga wa kutosha, zamu fupi baada ya futari inaweza kuziba pengo. Akianza kuchanganyikiwa au kutapika, apewe huduma kama mgonjwa mwingine yeyote. Dini inampa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye, na ni vizuri fundi mkuu alitamke hilo kabla mwezi haujaanza ili asiwepo wa kuona haya.

Wapo pia ambao joto huwadhuru mapema kuliko wengine, na usiwatambue kwa kuwahoji mbele ya wenzao. Anayetumia vidonge vya shinikizo la damu vinavyoongeza mkojo, mwenye kisukari, na mwenye ugonjwa wa moyo wote wamo. Mwenye seli mundu ni wa kuangaliwa zaidi, kwani kukaukiwa maji kunaweza kumwamshia maumivu makali yanayohitaji hospitali. Mtu akiona mkojo wake umekuwa wa rangi ya chai ya rangi baada ya siku ya kazi nzito, aende hospitali siku hiyo hiyo, maana hiyo inaweza kuwa ishara ya misuli iliyoumia na kuziweka figo hatarini.

Mavazi yanataka hekima kidogo. Ovaroli ya pamba, nyepesi na pana, hupitisha jasho, na haiyeyukii mwilini kama ya nailoni au poliesta cheche zikiirukia. Kuivua sehemu ya juu na kuifunga kiunoni, kama wengi wanavyofanya, ni sawa kwenye kazi za mezani, lakini haifai kwa anayechomelea. Mpiga rangi ndiye mwenye hali ngumu kuliko wote, kwa sababu anahitaji vazi la kufunika mwili na barakoa yenye chujio la kemikali, navyo vyote humzidishia joto. Asivue barakoa kwa sababu ya joto: rangi za kuchanganya na kigumishi huwa na kemikali za aisosayaneti, zinazoweza kumletea pumu ya maisha. Suluhisho lake ni muda, yaani apige rangi asubuhi mapema, kwa vipindi vifupi, na atoke kabisa nje kati ya kipindi na kipindi. Anayechomelea naye ajue kwamba ngozi na glavu zilizolowa jasho hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Glavu kavu za akiba ziwepo, na asikae juu ya bati au sakafu iliyolowa. Gari lolote lililoinuliwa kwa jeki liwekewe stendi kabla ya mtu kuingia chini, na mchana wa joto fundi mwingine alikague hilo, kwa sababu mtu aliyechoka kwa joto huruka hatua alizozijua kwa miaka mingi.

Mwisho ni siku ya dharura, na hapa nataka kila mtu gerejini, hata anayeosha magari, ajue la kufanya. Kizunguzungu, kuumwa kichwa, jasho jingi, kichefuchefu na kukakamaa misuli vinasema mtu asimamishe kazi sasa hivi: apelekwe kivulini penye feni, afunguliwe ovaroli, alowanishwe maji na anywe kidogo kidogo, wala asirudi chini ya gari siku hiyo. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kugombana bila sababu, kuyumba, kutetemeka kama mwenye degedege au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto, na joto la ndani ya mwili huenda limefika nyuzi 40 au zaidi. Msisubiri jasho likauke ndipo mwamini, kwani anayezidiwa akiwa kazini mara nyingi bado analowa jasho. Mpozeni kwanza pale pale, huku gari la kumpeleka hospitali likiandaliwa. Kama lipo pipa kubwa au beseni, mwekeni ndani ya maji baridi hadi shingoni, mtu mmoja akimshikilia kichwa muda wote. Kama halipo, mwagieni maji mwili mzima bila kukoma, mkimpepea kwa feni, na wekeni barafu shingoni, makwapani na kwenye mapaja kwa ndani. Lengo ni kulishusha joto ndani ya nusu saa, kwa sababu ubongo, ini na figo huharibika kadiri dakika zinavyopita, na foleni ya barabara ya Mandela haitamsubiri. Asiyejitambua asipewe kitu kinywani na alazwe kwa ubavu. Endeleeni kumlowanisha ndani ya gari, madirisha yakiwa wazi, na mkifika mwambieni daktari neno kwa neno kwamba alikuwa akifanya kazi kwenye joto, ili kipimo cha malaria kisiwe cha pekee.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kusajili mahali pa kazi kwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na kulinda afya ya walio chini yake, na gereji iliyo kwenye kiwanja cha kukodi imo. Wakague wakaguzi au wasikague, waulize kuhusu joto, kwani wanatoa ushauri pia. Wafanyakazi wako wawe wamesajiliwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na tukio kama la kijana huyo liandikwe kwenye daftari siku hiyo hiyo: saa ngapi, alikuwa anafanya kazi gani, injini ilikuwa inawaka au imezimwa, alikuwa kazini kwa siku ya ngapi, na alikunywa nini tangu asubuhi. Kwa vijana wa mafunzo ya vitendo, wasiliana na chuo kilichowaleta ujue bima yao ikoje kabla ya kuwapokea wengine. Na huyo kijana wako, kwa kuwa aliwahi kuzidiwa, mrudishe kwa kiwango cha mgeni, mweke na fundi mmoja mtulivu wa kumtazama kwa wiki ya kwanza, na apimwe tena hospitali kama kichwa au uchovu ule bado unamrudia.